Maji Yetu Hayakuwa na Homa

Nyinyi mnaosoma haya mkiwa na mfereji uani, wekeni kikombe chini kidogo. Mshono wa tumbo langu ulikuwa na nyuzi kumi na saba. Nilizihesabu zikiwa bado ndani, nikazihesabu tena siku ya kutolewa, maana sikutaka mtu aniachie moja. Nitaeleza zilivyofika pale, na sehemu yangu sitaificha.

Kabla ya kuugua nilikuwa nauza maharagwe sokoni Nyeri. Kipimo chetu ni gorogoro, ule mkebe wa kilo mbili. Aliyeizoea kazi hii anajua gorogoro moja ina vipimo viwili. Ukinunua, unaijaza mpaka iwe na kilima, unaitikisa, unaongeza. Ukiuza, unapitisha kijiti juu, kilima kinaanguka upande wako. Wanawake wa mtaa wa Majengo, ambao hawapunjwi na mtu, waliniita Mama Kijiti. Hakuna kitu nilichowahi kuambiwa bei yake nikakubali mara ya kwanza.

Nyumbani kwetu ni upande wa Kieni, njia ya Nanyuki, mahali ambapo mlima unauona vizuri lakini mito yake haikufikii. Zamani tulichota kwenye bwawa, sisi na ng'ombe, kwa zamu isiyoeleweka. Halafu tukafanya harambee. Kisima kirefu kikachimbwa, pampu ikawekwa, tangi likajengwa juu ya kilima, na nyumba arobaini na moja zikapata mifereji. Siku ya kwanza niliufungua wangu, nikaufunga, nikaufungua tena. Yalitoka mara zote mbili.

Mtunza pampu alikuwa Ndirangu, kijana mpole aliyeishi na mama yake karibu na tangi. Kila Jumatatu asubuhi alipanda ngazi na mkebe wa poda nyeupe ya klorini, akaimwaga tangini. Sisi tuliiita dawa. Neno hilo ndilo lililotuponza. Dawa hupewa mgonjwa, na maji yetu yalikuwa baridi, meupe, ukiyatazama kwenye glasi huoni kitu. Mgonjwa alikuwa wapi?

Binti yangu Nyambura alipochumbiwa na kijana wa Murang'a, wazee wa huko walikuja mara ya kwanza kujitambulisha. Nikapika chai ya maziwa mengi. Mjomba wa kijana akanusa, akaonja, akarudisha kikombe mezani.

"Mama, hii chai imelazwa wodi gani?"

Watu wakacheka. Hata mimi nilicheka, huku nikihesabu vikombe vilivyoachwa. Tisa. Murang'a wana mito, hawajui maji ya tangi. Lakini walikuwa warudi kwa ruracio yenyewe, siku ya kukubaliana mahari, na mtu hawezi kupatana mbuzi na wageni waliokataa chai yake. Hiyo ndiyo hesabu niliyofanya. Jumatatu ya wiki ile nikamngoja Ndirangu chini ya ngazi.

"Ndirangu, hii maji imeugua nini ndiyo ipewe dawa?"

"Ati imeugua?"

"Iko na homa? Inakohoa?"

"Mama Nyambura, afisa wa maji alisema mkebe moja kila wiki."

"Alisema iwe na kilima ama ikwanguliwe?"

Akautazama mkebe. Swali hilo hakuwa ameulizwa na mtu. Mtu akishautazama mkebe wake, umempata.

"Basi nitaweka nusu."

"Nusu na mzima ni tofauti gani? Pua ikinusa imenusa."

"Sasa unataka niweke nini?"

"Usiweke. Wiki moja tu. Wageni wakienda, unarudisha."

Akatikisa kichwa, akicheka. "Wewe unaweza kuuzia mtu kiatu yake mwenyewe."

Saa sita nilimpelekea gorogoro ya maharagwe, yenye kilima. Sikukikwangua.

Wageni walikuja kumi na wanne, wakanywa vikombe thelathini na moja. "Hii sasa ndiyo chai," mjomba alisema. "Ile ingine ilikuwa sindano." Mbuzi tulipatana vizuri. Wageni walirudi kwao wazima, na baadaye nilielewa kwa nini: chai huchemka.

Wiki ikaisha. Jumatatu iliyofuata nilimwona Ndirangu ameketi chini ya tangi bila mkebe. Kijiji kizima kilikuwa kimemsifu. Watu walimwambia maji yamekuwa matamu kama ya mlimani. Alinipungia mkono, nami nikampungia. Sikumwambia arudishe. Wiki moja ikawa saba.

Katikati ya hizo saba mvua kubwa ikanyesha. Sementi iliyofunika mdomo wa kisima ilikuwa na ufa, na choo cha shimo cha kamati, kilichochimbwa upande wa juu, kilikuwa hatua kumi na nane kutoka pale. Nimezipima kwa miguu yangu mara mbili. Maji ya mvua yalipita chooni, yakateremka, yakaingia ufani. Mfereji ukaendelea kutoa maji meupe. Kila jioni nikitoka sokoni niliyakinga kwa kiganja nikanywa nikiwa bado na mzigo mgongoni.

Ugonjwa ulianza na kichwa. Kilinigonga hapa juu ya macho siku tatu. Halafu homa, ambayo haikuja mara moja. Ilipanda kila siku kidogo, kama mchuuzi anayejaribu bei. Ulimi ukawa mweupe. Siku sita sikuenda choo, siku ya saba nilienda mara kumi na moja, na kilichotoka kilikuwa cha kijani kama maji ya njegere. Katika zahanati muuguzi mmoja alinibonyeza tumbo na kuniuliza maji nakunywa ya wapi.

"Ya mfereji."

"Unachemsha?"

"Ya mfereji nichemshe ya nini?"

Akaandika. Akasema, "Hii ni homa ya matumbo," akanipa kapsuli za siku kumi na nne na kunionya nizimalize. Niliuliza kama kumi hazitoshi. Akaita mgonjwa aliyefuata.

Siku ya tano homa ilishuka. Siku ya sita nikazifunga zilizobaki kwenye karatasi, nikazitia katika kopo la sukari, niwe nazo siku nyingine. Mume wangu, Baba Nyambura, aliniona.

"Si ulisema ni za wiki mbili?"

"Nimepona kwa moja. Ziko pale, hazitaoza."

Nilitamba na faida hiyo siku tisa. Siku ya kumi homa ilirudi, na siku tatu baadaye, nikiwa napepeta maharagwe mchana, kitu kilipasuka ndani ya tumbo langu. Nasema kilipasuka kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Nilianguka juu ya ungo. Tumbo likawa gumu kama ubao. Baba Nyambura alinipakia nyuma ya pikapu ya kabichi mpaka hospitali kubwa, na kila shimo la barabara nililijua.

Daktari alikuwa kijana, macho mekundu kwa kukosa usingizi.

"Mama, dawa ulimaliza?"

"Nilibakisha kidogo."

"Kidogo ngapi?"

"Za siku nane."

Akamwambia muuguzi utumbo umetoboka na nipelekwe kupasuliwa sasa hivi. Nikamuuliza kama tunaweza kungoja kesho, tuone. Akainama karibu na uso wangu.

"Hapa si sokoni, mama. Kesho hutakuwa na mtu wa kupatana naye."

Watu huniuliza nilihisi nini. Sikuhisi kitu. Nilizinduka na mpira puani na mwingine ubavuni, nikaona matone ya dripu yakianguka, nikayahesabu. Nilipofika mia niliona nimeruka moja, nikaanza upya. Nyambura alikuja akalia mguuni pa kitanda. Nilimtazama kama mtu anayetazama mvua ya shamba la jirani. Nywele zilianza kutoka kwa mafungu. Nilizipanga kando ya mto.

Siku ya nne walileta mgonjwa kitanda cha pili. Alikuwa mama yake Ndirangu. Sote kijijini tulimwita Cucu, maana alikuwa nyanya wa kila mtu. Alikuwa na homa ileile na mwili mdogo wa kuipokea. Akiwa na nguvu aliongea akitazama dari.

"Mama Nyambura, na wewe uko hapa?"

"Niko, Cucu."

"Ni nini hii imetuingia? Na vile maji yetu imekuwa tamu siku hizi. Mimi nilikuwa nakunywa hata bila kiu."

Nilinyamaza. Nilikuwa na mpira puani, ningeweza kusema ndio ulionizuia.

Ndirangu alikuja kila siku saa za kutazama wagonjwa. Alikaa kwenye kiti kimoja katikati ya vitanda viwili. Alimlisha mama yake uji kwa kijiko, halafu aligeuka akanifuta midomo kwa kitambaa chenye maji, maana kunywa nilikuwa nimekatazwa. Neno kuhusu mkebe halikutoka kwake. Siku mbili nilimngoja alitoe. Siku ya tatu niliacha kungoja.

Cucu alikufa asubuhi ya siku yangu ya kumi na moja. Walimfunika wakamsukuma nje. Saa nne mwenye toroli ya chai akaja, na kwa kuwa hakuwa ameambiwa, akaweka vikombe viwili kwenye meza iliyokuwa kati yetu. Nilikunywa changu, maana nilikuwa nimesharuhusiwa kunywa. Halafu nikanywa chake. Ilikuwa chai nzuri, haikunuka kitu. Sikulia siku hiyo, na hadi leo ninapoandika sijalia. Nilidhani kilio kingekuja baada ya nyuzi kutolewa. Hakikuja.

Nilikaa siku thelathini na mbili. Dawa nilimeza zote mbele ya muuguzi, nikifungua mdomo kama mtoto. Siku ya kutoka daktari aliniandikia nyingine za nyumbani, akanitazama kwanza.

"Siku kumi na nne, mama."

"Kumi na nne," nikasema. Ilikuwa mara ya kwanza maishani mwangu kukubali bila kupatana.

Nyumbani sikuingia ndani. Nilimwambia Baba Nyambura anishike mkono, tukapanda mpaka kwenye tangi. Nilipumzika mara sita njiani. Ilikuwa Jumatatu. Ndirangu alikuwa chini ya ngazi na mkebe, amenyoa kichwa. Wanawake wanne walikuwa pale na madebe yao, na kamati ilikuwa imeshaziba ufa kwa sementi mpya na kuamuru dawa irudi. Choo kilikuwa bado pale pale. Nikasema kwa sauti, kila mtu asikie:

"Mimi ndiye nilimwambia aache dawa. Kwa sababu ya chai ya wageni wangu. Ndirangu alikataa, nikampunguza kama maharagwe mpaka akafika sufuri."

Ndirangu alikuwa anautazama mkebe, kama siku ile.

"Mama Nyambura," akasema polepole, "sasa hii maji imeugua nini ndiyo ipewe dawa?"

Hakuwa anacheka, wala hakuwa na hasira. Alitaka jibu.

"Ilikuwa na homa," nikamwambia. "Tuliiugulia sisi. Mimi na mama yako."

Akanyoosha mkono akanipa mkebe, na mfuko wa poda. Nikaujaza. Nikatoa kijiti kwenye kanga, nikapitisha juu mara moja, nikageuza, nikapitisha tena. Kamili, bila kilima na bila upungufu. Akapanda nao.

Choo kilihamishwa upande wa chini mwezi uliofuata, baada ya mimi kukaa mlangoni kwa mwenyekiti wa kamati siku tatu mfululizo. Tangu hapo kila Jumatatu kijiti ni changu. Juzi bibi arusi mmoja alinifuata pale chini ya ngazi.

"Mama Kijiti, punguza kidogo tu, Jumamosi niko na wageni."

"Wangapi?"

"Kumi."

"Chemsha maji, uyaache wazi usiku mmoja, harufu itatoka. Mkebe siupunguzi."

"Hata robo?"

"Hata harufu ya robo."

Alikasirika, akasema mimi ni mgumu. Ni kweli.

Namshukuru Mungu, daktari mwenye macho mekundu, na wauguzi watano wa wodi ile, wa mchana watatu, wa usiku wawili. Kwenu ninyi nasema hivi tu. Maji meupe hayajakuahidi kitu. Chemsha ya kunywa, hata ya mfereji. Ukipewa dawa ya siku kumi na nne, meza ya siku kumi na nne. Na kama yuko mtu kwenu anayepanda ngazi ya tangi na mkebe, usisimame naye pale chini ukazungumza naye bei.

Siku za maziko ya Cucu nilikuwa bado kitandani, kwa hiyo kaburi lake nililiona baadaye. Lipo nyuma ya tangi, na mfereji wa nyumba yao uko karibu. Ndirangu humwagilia maua yake kwa maji hayo. Yananuka dawa kidogo. Nilisimama pale nikainusa harufu ile mara mbili, kuhakikisha.