Siku Korongo Waliposhuka kwa Papa Mutale

Mama Gradi alimwaga habari bombani, huku ndoo yake ikijaa. "Ile papa Mutale, mulinzi wa ndege, njo choyo wa mwisho. Iko na bichuguu bitatu kule ku hifadhi. Inswa ikitoka, hapana muntu anagusa. Anakulaka yote na bibi yake."

Jirani yake Kasoki alikuwa akingoja zamu yake. Alikuwa mgeni mtaani Bel-Air, mtu wa Butembo, na hao kumbikumbi wanaoitwa inswa hakuwa amezoea kuwala. Ila Jumamosi ile ilikuwa sikukuu ya ndege wahamao kule hifadhini, na penye watoto wa shule mandazi hayalali. Akamfunga mwanawe Shalom mgongoni, akajitwika beseni.

Mvua ikawatangulia. Watoto walibanana chini ya hema linalovuja, na Papa Mutale akizunguka na mabuti yake, anachungulia mawingu. Alikuwa amechimba mawe ya shaba huko Kambove miaka kumi na mmoja. Wakati wa njaa aliwatega korongo hawa hawa waliokuwa wakisubiriwa, jambo analolisimulia mwenyewe bila kuficha. Sasa alikuwa amepita shule kwa shule akiahidi ndege wanaokimbia baridi ya Ulaya. Na leo Mama Chileshe, mwenye kinamasi cha hifadhi hiyo, alikuwa amekaa mbele kabisa.

"Ba kufyatua matofali banataka huu udongo," alisema mama huyo. "Kama minaona majani tupu, hapana ndege, nabapatia."

Saa sita ikapita, hakuna hata unyoya.

"Papa Mutale, ndege yako ilikosa viza?" mwalimu Gérard akamchokoza.

"Iko ku foleni ya mupaka wa Kasumbalesa, nyuma ya makamyo," Mutale akajibu. Watoto wakacheka, yeye alicheka kwa mdomo tu.

Mara mvua ikakatika, jua likapiga, na inswa wakabubujika kwenye vichuguu kama moshi. Akina mama wachuuzi wakainuka na mabeseni. Mutale akatanua mikono kama mwenye kuzuia mbuzi.

"Njo ule choyo wake," mmoja akasema.

Kasoki alitazama juu. Korongo walikuwa wamefika, wanazunguka, na kila wanawake waliposogea, wao walipanda. Akayafunga mandazi yaliyobaki katika kitenge, akageuza beseni, akalikalia, akamtoa Shalom mgongoni na kumnyonyesha.

"Muko munazifukuza," akasema polepole. "Miye naikaa."

Mwenzake akacheka, naye akageuza lake. Kisha mwingine, hadi mabeseni yote yakawa viti.

Korongo wakashuka watatu, wakaanza kudonoa inswa, halafu uwanja mzima ukawa mweupe na mweusi. Watoto waliziba midomo kwa viganja. Mama Chileshe alitazama hadi mwisho. "Ba matofali batafute pengine," akasema.

Ndege waliposhiba, Mutale akashusha mikono. "Sasa okoteni, bamama. Iko mingi."

Kasoki alikuwa ameshika njia na nusu beseni ya inswa alipofikiwa na mabuti yanayokimbia.

"Mama Shalom, minakuomba kitu kimoja. Ukifika Bel-Air, funika hii inswa. Bakiiona, mwaka kesho batakuya na mapipa. Baeleze korongo tu."