Papa ya muchumba wangu alitaka nimwambie bei ya kesho

Admin, jina langu ulifiche, lakini maneno yangu usiyapunguze hata moja. Wazee walisema mficha uchi hazai, basi leo nasema yote.

Niko mwanamuke wa miaka ishirini na nane, niko hapa Kisangani, wazazi wangu walitoka Maniema. Papa alikufa zamani, Mama na tonton, ndugu ya Papa, njo walinilea. Nilisoma uchumi hapa hapa, nikatafuta kazi mpaka viatu vikaisha, kila ofisi "urudi wiki ijayo, mama". Bon, nikachoka. Rafiki mumoja wa fac, kule chuo kikuu, akanionyesha mambo ya bourse, lile soko ambako watu wananunua na kuuza sehemu za makampuni. Nikajifunza kwa simu, umeme ukikatika ninaenda kuchaji kwa jirani mwenye panneau ya jua. Kwanza nilifanya mazoezi kwa feza za uongo, na hata zile za uongo nilizipoteza zote! Nilicheka, nikaanza upya. Leo kampuni moja ya inje inanilipa mushahara. Kazi yangu iko hii: ninaangalia michoro ya bei, ninaona wapi wanunuzi walikuwa na nguvu na wapi waliogopa, kisha ninaandika: bei inaelekea huku, ikishuka chini ya hapa basi nimekosea, mutoke. Sichezi na feza za mutu. Kuna na mitihani ya kupata cheti cha kazi hii, wa kwanza nilishinda, wa pili ninaujitayarishia.

Lakini mutaani? Ayayay! Mumoja anasema kamari, mwengine anasema niko na majini. Tantine mumoja jirani alikuja mpaka kwetu: "Angalia mu simu yako, dola itapanda ao itashuka?" Nilimwambia mimi si nabii, akakasirika ati ninamunyima.

Sasa tuje kwa kidonda. Niko na muchumba, mutoto wa familia ya Waislamu wa zamani wa muji huu, papa yake anauza mapagne, vile vitenge vya bamama. Mwezi uliopita wakaja kujijulisha kwetu. Mama alipika wali, pondu ya majani ya muhogo na samaki, tantine zangu wakanikalisha kwenye mukeka na kitambaa kichwani. Munajua desturi, binti anainama, tonton njo anamusemea. Wageni wakauliza binti yenu anafanya kazi gani. Tonton, bila hata kumeza mate: "Yeye iko benki." Benki! Nikainua uso.

"Tonton, samahani, mimi siko benki."

Nikaeleza kazi yangu yote, kama nilivyowaeleza ninyi. Papa ya muchumba wangu akasikiliza vizuri, kisha akauliza: "Bien, mutoto. Basi bei ya kesho itakuwa ngapi?"

"Sijui, Papa."

"Haujui? Na wanakulipa?"

"Ninajua inaelekea wapi, na ninajua nitatokea wapi kama nimekosea. Ya kesho sijui. Wewe Papa, kesho watu wangapi wataingia kununua mapagne?"

"Mungu njo anajua."

"Basi na mimi vile vile."

Bamama wakaguna. Muzee akanitazama, akasema taratibu: "Lakini pagne yangu unaishika. Yako tutaishika wapi?" Nyumba nzima ikacheka. Tonton akacheka. Na muchumba wangu, mwenye nilimufundisha mimi mwenyewe kusoma ile michoro, akacheka mpaka akafuta machozi. Hapo njo niliumia, ndugu zangu. Niliumia kabisa.

Kesho yake akaja, sauti ya asali. "Chérie, yale ni mambo ya wazee, usikasirike. Papa amekupenda. Kuna nafasi ya ualimu kwa rafiki yake, utaanza baada ya ndoa." Nikamuuliza, nani alimwambia papa yako mimi ninatafuta ualimu? Njo akakubali yote. Kumbe aliahidi kabla hata hawajakanyaga kwetu! Papa yake alikataa kuja juu ya kazi yangu, yeye akamwambia: kuja tu Papa, ile kazi ataiacha. Donc mimi nilikuwa ninajitetea mbele ya watu wenye walikuwa wameisha kupewa jibu.

Mama ananiambia: "Kubali, mwanangu. Ukishaolewa utafanya kwa kificho, simu iko ndogo, inaingia mu pagne. Sisi wote tuko na kitu tunaficha." Mama, ninakuheshimu, lakini hapana. Sikuiba, sikuroga, nijifiche juu ya nini?

Na musiniandikie "acha kazi, ndoa ni heshima". Mutapoteza mega zenu za internet bure, kazi siachi. Kinachonisumbua ni kwamba bado ninamupenda. Siku ya ule mutihani wa kwanza alileta jenereta ya magasin, duka ya papa yake, akakaa inje kwenye jua anaongeza mafuta, ili umeme usinikatie. Mutu huyo huyo! Nilimwambia, kabla mahari haijapokelewa, mwambie papa yako kwa kinywa chako kwamba uliahidi kitu ambacho hakikuwa chako. Akajibu: "Nitamwambia baada ya ndoa." Kama aliahidi kazi yangu bila kuniuliza, baada ya ndoa ataahidi nini tena?

Ijumaa wanaleta mahari. Viti vimeisha kukodiwa, mbuzi iko imefungwa nyuma ya nyumba, na Mama anaimba akipika. Nishaurini, ninyi wenye mumepita huko: nifanye nini, niache tonton apokee ao niwarudishe wageni mbele ya muji muzima? Mujibu upesi, juu tonton akiisha kuweka mukono kwenye ile mahari, mimi sina tena mahali pa kusema.