Siku Mama Mkwe Aliposhindwa Kusalimia

Kabla Wadachi hawajaleta reli Ugogo, mama mkwe wangu hakuwahi kumpita mtu bila kumsalimia. Wala hakusalimia juu juu. Aliuliza watoto, ng'ombe, mvua za kwenu, na jibu alilikumbuka hata mwaka ukipita.

Asubuhi moja wajenzi wa tuta la reli walianza kupita mbele ya tembe letu, nyumba ya udongo yenye paa bapa, karibu na Nzuguni. Wengi walikuwa Wanyamwezi na Wasukuma, majembe mabegani. Mama mkwe akasimama njiani na kibuyu cha maji. Mimi, niliyejifunza Kiswahili kwa kuwauzia unga watu wa misafara, nilimfasiria.

"Mbukwenyi! Kwenu wazima?"

Alimwuliza wa kwanza, wa pili, na waliofuata. Jua likapanda, maji yakaisha, sauti ikamkauka, na watu bado wanakuja. Sijawahi kuona binadamu wengi kiasi kile. Vumbi lao lilifika mpaka kilimani.

Ghafla akanishika mkono. "Yule aliyesema mama yake anaumwa, ni yupi?"

Nikatazama migongo ile. "Sijui, mama."

"Hata mimi simjui tena." Akaketi chini, macho bado yako njiani. "Na wote hawa wamezaliwa. Kila mmoja ana aliyemlilia akiondoka."

Mpaka hapo nilikuwa nimeona kundi tu.

Mbele yetu akapita kijana akichechemea, mguu umefungwa kitambaa kichafu. Mama mkwe akanyanyuka.

"Mwambie siwawezi wote. Yeye nitamweza."

Nikamwambia. Kijana akacheka, kisha akaona kuwa mama hacheki, akanyoosha mguu.

Mama mkwe akamwosha kidonda, akakipaka dawa ya mizizi. Tangu hapo kila jioni kijana alikuja kula ugali wa uwele kwetu, na mama mkwe akajua dada zake wote na mbuzi aliowaacha.

Kazi iliposogea magharibi, tulimsindikiza hadi kwenye korongo la mchanga.

"Kaa salama, mama," alisema kwa Kigogo chake kibovu.

"Nenda, mwanangu."

Akaingia katika mstari wa wenzake. Punde mgongo wake ukafanana na mingine yote. Mama mkwe hakuweza tena kumtambua, basi akawapungia mkono wote, mpaka wa mwisho.