Mama Emerensiana Aomba Kuwa Muuaji

Agapiti alikuwa fundi baiskeli pale Ifakara, na kwa kuwa Ifakara kila mtu na baiskeli yake, hakukosa kazi hata siku moja. Lakini kuanzia Sanje mpaka Mlimba watu walimjua kwa jambo jingine kabisa. Alitunga vitabu vya mapenzi. Vilikuwa vyembamba, vilipigwa chapa Morogoro, na kila jalada lilikuwa na msichana aliyeegemea kitu: mti, nguzo ya umeme, mlango wa behewa. Kufikia mwaka tisini na tano alikuwa ametoa sita. Kule kwenye kambi za mashamba ya miwa vilisomwa mpaka vikaisha kurasa za mwanzo na za mwisho, na bado watu wakaazimana katikati iliyobaki.

Alikuwa na mazoea ya kuwasomea wateja sura mpya wakati wakisubiri gundi ya pancha ikauke. Wengine walikuja na matairi mazima.

Mkewe, Theresia, mzaliwa wa Mofu na mwenye kicheko cha kusikika nyumba ya tatu, alikuwa anaijua siri ya huyo bingwa wa mahaba. Siku ya kumposa, Agapiti aliinama kwenye baiskeli yake, akasema, "Basi, wewe unaonaje?" kisha akaendelea kukaza nati. Theresia alilazimika kuuliza anaonaje kuhusu nini.

Mambo yalibadilika siku Agnella, msusi wa nywele mwenye kibanda karibu na stendi, alipomjia amekunja uso.

"Shikamoo, kaka Agapiti."

"Marahaba. Baiskeli iko wapi?"

"Sina baiskeli. Nina malalamiko."

Akavuta kigoda, akakaa bila kukaribishwa. Alieleza kwamba Jumapili, baada ya misa, kijana mmoja alimsindikiza na kumwambia: "Agnella, tangu nikuone, hata mpunga shambani naona unainama kukusalimu." Moyo ukamlainika. Jumatano akaja mwingine, dereva wa trekta huko kwenye miwa, akamwambia tangu amwone, hata miwa shambani anaona inainama kumsalimu.

"Huyo alibadilisha zao," Agnella alisema, "nikamheshimu kidogo. Lakini jana kaja mwalimu, msomi mzima, kaninong'oneza, 'Rozina, tangu nikuone...' Mimi Rozina?"

Rozina alikuwa msichana wa kitabu cha nne.

Agapiti alicheka kwanza, akaona anacheka peke yake, akaacha.

"Umetuharibia wanaume," Agnella alisema akiinuka. "Hakuna anayetoa neno la kichwani mwake. Sasa nimwamini yupi? Hata akija anayenipenda kweli, nitamsikiliza au nitatafuta ni ukurasa wa ngapi?"

Alimwacha ameshika pampu mkononi. Siku nzima Agapiti alifunga minyororo nyuma mbele. Mara zote alikuwa akidhani anawapa watu raha. Kumbe alikuwa anawapa maneno ya kuazima, na wao hawarudishi. Wakati wa chakula alimwambia Theresia kuwa mapenzi basi.

Theresia aliweka bakuli chini polepole. "Yapi? Ya kwangu au ya vitabuni?"

"Ya vitabuni, mama. Naanza vitabu vya mauaji. Vya upelelezi."

"Aa. Hivyo afadhali. Maneno ya mauaji hakuna atakayekwenda kumwambia binti wa watu."

Basi akaanza. Alimbuni tajiri mmoja wa mpunga, akampa jina la Kasiano, akampa kitambi, shati jeupe na gari la mizigo, na katika ukurasa wa tatu akamuua. Akaweka washukiwa watano na mpelelezi mmoja mrefu kutoka Morogoro. Muuaji alipanga kumchagua baadaye, maana aliona kazi ngumu imekwisha.

Hakujua kwamba ndiyo kwanza inaanza. Katika vitabu vya mapenzi kila msikilizaji alijiona ndiye yule mzuri. Katika hiki cha mauaji kila msikilizaji alijiona ndiye mshukiwa.

Wa kwanza kuja alikuwa mzee Gaudensi, mwenye bucha. Alivua pama lake, akaligeuza geuza mikononi.

"Mwandishi. Huyu mtu wako mwenye pama..."

"Ni wa kitabuni tu, mzee."

"Kitabuni ana pama. Ana kisu. Na hukohoa kabla ya kusema." Gaudensi akakohoa, kisha akasema, "Mimi sikufanya."

Akaacha kipande kikubwa cha maini kwenye jani la mgomba, akaenda zake. Agapiti alijaribu kumwita, lakini mzee alishapinda kona. Ilibidi lile pama lifutwe, na mwenye pama akapewa ushahidi kwamba siku ya tukio alikuwa Mahenge.

Kesho yake akaja seremala na mkungu wa ndizi. Mshona viatu hakuleta kitu ila machozi, maana mama yake mzazi alikuwa amemuuliza kama ni kweli. Mmoja baada ya mwingine, washukiwa wote watano wakatoka hawana hatia. Marehemu alibaki marehemu, lakini hapakuwa na aliyemuua.

"Uandishi huu una kitoweo kuliko ule wa kwanza," Theresia alisema akikaanga maini.

Agapiti hakuona la kuchekesha. Kitabu kilikuwa kimekwama kama baiskeli kwenye matope ya masika. Hapo ndipo alipokuja mama Emerensiana.

Huyu alikuwa mjane wa makamo aliyeuza samaki sokoni, kambale na kitoga wa mto Kilombero, wabichi na wa kukausha. Mji mzima ulikula samaki wake na hakuna aliyekuwa na habari naye. Aliingia kibandani na kapu lake kichwani, na wateja waliokuwa wanasubiri wakasogea mbali kidogo, kama ilivyokuwa desturi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nasikia hupati muuaji."

"Ni kweli, mama. Kila mtu anakataa."

Mama Emerensiana akatua kapu. "Niweke mimi."

Agapiti alidhani hakusikia vizuri. "Wewe mama? Watu watakusema."

"Waniseme. Vitabu vyako vyote sita mwanangu Siwema amenisomea. Mwanamke wa umri wangu humo ama ni shangazi anayekataza ndoa, ama ni maiti. Sikupendwa hata kwenye kimoja. Sasa nawe umehamia kwenye mauaji, na huku nako unaninyima?"

 Agapiti alipitisha vitabu sita kichwani, akamwona shangazi wa kwanza, wa pili, wa tatu, na maiti wawili. Aliona haya.

"Haya, mama. Nilipanga Kasiano afe kwa sumu kwenye chai."

"Sumu!" Mama Emerensiana alicheka mpaka akashika nguzo. "Mimi sumu nitaitoa wapi? Nina mtumbwi. Nina kamba. Tajiri kaja kivukoni, pantoni imeharibika, anataka kuvuka haraka. Nimempakia. Kashiba, kalala. Mimi nimeshuka kama vile nafuata kasia, nikafungua kamba. Basi. Yaliyobaki ni ya mto na viboko. Mkono wangu haukumgusa."

Wateja waliokuwa wamesogea mbali walikuwa wamesharudi, wameinamisha vichwa wasipitwe na neno.

"Na sababu?" Agapiti aliuliza. Tayari alikuwa anaandika nyuma ya boksi la tairi. "Muuaji lazima awe na sababu."

"Alikuwa akipita mbele ya meza yangu ameziba pua. Kila siku."

"Mama, mtu hauawi kwa kuziba pua."

"Wewe hujazibiwa pua," alisema mama Emerensiana, na safari hii hakucheka. "Mwaka wa kwanza unasema hajui adabu. Mwaka wa tano unajinusa mwenyewe nguo kabla ya kwenda kanisani. Mwaka wa ishirini, mtu huyohuyo anatuma mtoto kwako kununua kambale, kisha anapita ameziba pua. Fikiri vizuri, mwanangu."

Agapiti alifikiri. Aliona aibu ya yule mwanamke, na aliona vilevile kwamba hapo ndipo kitabu kilipo. Aliandika sura zote zilizobaki kwa mkupuo, huku wateja wakijizibia pancha wenyewe. Alipowasomea sura ya mtumbwi, hakuna aliyekohoa, hata Gaudensi.

Kitabu, *Kamba ya Mtumbwi*, kilirudi kutoka Morogoro mwaka uliofuata, wakati wa kuvuna mpunga. Kwa mara ya kwanza jaladani hakukuwa na msichana. Agapiti akapeleka furushi sokoni, akaomba liwekwe kwenye pembe ya meza ya mama Emerensiana, maana palipita watu wengi. Alipopitia pale mchana nusura azimie. Mama Emerensiana alikuwa amesimama, kakamata nakala juu, anatangaza kwa sauti ya kuita wanunuzi wa samaki:

"Kitabu cha mauaji! Muuaji ni mimi hapa! Njooni muone nilivyomfanya!"

"Mama!" Agapiti alimnong'oneza. "Hiki ni cha upelelezi! Muuaji anajulikana mwisho!"

"Mwisho nani atafika? Watu wana haraka, treni inakuja."

"Sasa wakishajua, watanunua cha nini?"

"Kujua nilivyofanya. Na kwa nini. Nani hapa ana haja ya kuambiwa *ni nani*? Huyo nani wanamwona hapa."

Na ni kweli, furushi lilikuwa limebaki nusu. Wanunuzi walimwangalia mama, wakaangalia kitabu, wakamwangalia tena, na wote, Agapiti alitambua ghafla, walikuwa wanavuta pumzi kwa pua zilizo wazi, kwa nguvu, kifua mbele, kama watu walioingia bustani ya maua. Mzee Gaudensi alipita na kuamkia kutoka mbali. Hata mke wa mfanyabiashara mmoja, ambaye siku zote hutuma mtoto, alikuja mwenyewe, akachagua kambale kwa mkono wake, akashukuru mara mbili.

Kibarua mmoja wa kwenye miwa, mgeni aliyekuwa anangoja treni ya kwenda Mlimba, akachukua nakala, akaipindua, akasogea karibu.

"Samahani, mama. Hivi ni kweli ulifungua hiyo kamba?"

Mama Emerensiana alifuta mkono kwenye kanga, akamrudishia chenji yake.

"Soma," alisema.

Agapiti aliondoka palepale, akapanda baiskeli yake kwenda posta kupiga simu Morogoro, waongeze furushi jingine.