Shingo ya Mama wa Kawajense

Katikati ya miaka ya tisini nilikwenda mahakamani Mpanda kula kiapo kwamba nimepoteza cheti cha kuzaliwa. Nikiwa nasubiri, nikasikiliza kesi ya mama mmoja wa Kawajense. Alikuwa abiria kwenye pikapu iliyosimama Ilembo kupisha ng'ombe, lori la mpunga likaigonga kwa nyuma. Tangu siku hiyo shingo yake haigeuki. Akitaka kumwona mtu wa pembeni, anageuka mwili mzima.

Dereva wa lori hakubisha. Alisimama kashika kofia kwa mikono miwili.

"Unadai nini, mama?" hakimu akauliza.

"Mheshimiwa, nilikuwa nabeba maji kichwani, ndoo mbili asubuhi, mbili jioni. Sasa siwezi, na binti zangu wote wameolewa. Nataka huyu awe ananichotea."

Watu wakacheka. Mama hakucheka.

"Mahakama haiwezi kuamuru hivyo, mama. Itakupa fidia ya fedha."

Dereva akanyoosha mkono. "Mheshimiwa, kuchota naweza."

"Kaa chini," hakimu akamwambia, akaendelea kuandika fidia.

Nje, mama alimgeukia dereva, mwili mzima. "Baba, unakaa wapi?"

"Hapo hapo Kawajense, mama."

"Basi kesho uje saa kumi na mbili asubuhi. Ukichelewa utakuta foleni bombani."

Dereva akanitazama mimi, labda kwa sababu nilikuwa nimeshapewa karatasi yangu ya kiapo yenye muhuri. "Eti mzee, hukumu imekataza?"

Nikamwambia nilivyosikia mimi, hakimu hakutaja ndoo.