Mwanasaikolojia wa Chumba Chetu

Mwenzangu wa chumba hapa bwenini, chuoni Rajshahi, Bangladesh, anasoma saikolojia, mwaka wa tatu. Akimsikiliza mtu huinamisha kichwa na kubandua ngozi ya kidole gumba mpaka itoke damu. Jana Rumpa, aliyeanza juzi masomo hayohayo, alimuuliza, "Dada, nitegemee nini huko?"

"Takwimu," akajibu kwa ile sauti yake ya chini. "Majaribio ya panya. Majina ya magonjwa."

"Na kutibu watu je?"

Akaendelea kubandua. "Kaka yangu haongei tangu baba afariki. Ndicho nilichokuja kusomea. Sasa ugonjwa wake naujua jina, hata kwa Kiingereza."

"Na yeye?"

"Sikukuu ya Idi nilikaa naye kutwa. Aliangalia ukuta tu."

Simu ya mwenzangu ikalia, alikuwa mama yake. "Ndiyo, mama," akasema. "Mwambie kaka mwakani namaliza, nitakuja kumtibu."