Ukoo wa Solange

Kahongya aliuza maharagwe ya Musienene pale Kimemi, na nyuma ya nyumba yake alikuwa na chumba cha kupangisha. Mpangaji wake alikuwa Solange, muuguzi kutoka Kanada, ambaye mama yake mzazi alifariki zamani. Wawili hao walikula sahani moja, wakazoeana mno. Kwa hiyo Solange alipochumbiwa na Henri, Mwamerika aliyekuwa akifundisha mjini Beni, alimwomba Kahongya akae mahali pa mama siku ya kupokea mbuzi wa mahari.

Kahongya akakataa.

Mama huyu alikuwa mkaidi, sikatai, lakini roho yake ilikuwa safi. Kwa Wanande, kabila lake, mtu haoi ndani ya ukoo wake, ni mwiko. Naye alikuwa amewachunguza hawa wawili kwa macho yake. Wote walikunywa kahawa huku wakitembeatembea uani, kama watu wanaofukuzwa. Asubuhi walikusalimu kwa neno moja, basi, hawaulizi hata umelalaje. Na wakianza kuimba nyimbo za utotoni, zilikuwa zilezile, mpaka pale wanaposahau maneno.

"Bale ni batoto ya babu moja," alimwambia Lusenge, mdogo wa marehemu mumewe na mkubwa wa familia sasa. "Nitabariki aje ndugu na dada yake?"

Solange aliposikia, alikuja jikoni amekunja uso. "Mais mama, sisi ba Kanada hapana Bamerikani. Inchi yetu ni ingine kabisa."

"Bandugu banasemaka vile," Kahongya akajibu, akiendelea kuchambua maharagwe. "Mutu wa mbali, hauwezi kujisumbua kumukana."

Solange alikaa kwenye kigoda, machozi yakamtoka. "Donc ile siku nitakuwa peke yangu," akasema. "Sina mama mwingine wa kuita."

Maharagwe yakamshinda Kahongya. Alimpenda binti huyu, na hofu yake yote ilitokana na upendo huo. Solange angekuwa mpangaji tu, yeye angekula nyama ya mbuzi na kunyamaza.

Kesho yake alipanda pikipiki mpaka Vuhovi, kwa Lusenge.

"Shemeji, mutu mukubwa anaweza kuzaliwa kwetu?" akauliza. "Akiingia katika ukoo yetu, anakuwa Muswagha. Henri, yeye, abakie na bandugu yake."

Lusenge alicheka mpaka akakohoa. Kisha akaona mwenzake hacheki, akafikiri, akakubali.

Solange aliambiwa tu kwamba mama atakuja, wala hakuambiwa kwa nini. Siku ilipofika, uani palijaa watu. Msemaji wa upande wa Henri alisimama, akauliza kwa heshima wamekuja kumwomba binti wa nani.

"Ni binti ya kaka yangu," Lusenge akajibu. "Ni Muswagha. Jina yake ni Masika."

Masika ni jina ambalo Wanande humpa binti wa kwanza. Kahongya alilitamani tangu mimba yake ya kwanza, lakini alizaa wavulana watupu, na jina likabaki bila mwenyewe. Solange aligeuka, akamtazama.

Kahongya alisogea kidogo kwenye benchi.

"Kuya uikale hapa, Masika," akasema. "Bageni banatungojea."